Muganga wa ngombe mbele ya kasuku

Leo ukurasa huu hausemi juu ya bei ya kobalti wala juu ya mishahara. Unasema juu ya kasuku. Najua wengine watacheka. Wacheke, si mubaya, lakini wasome mpaka chini, kwa sababu habari hii inapitia jikoni mwetu na kuingia mpaka ndani ya kifua cha mutu anayeshuka mugodini.

Siku moja ya posho, asubuhi, jirani yangu alirudi kutoka zamu ya usiku akanikuta ninafagia mbele ya mlango. Hata viatu vya kazi alikuwa hajavua. Alibeba kartoni ya sabuni, na ndani ya kartoni mulikuwa kasuku wao. Wote wa avenue yetu tulimjua yule ndege: wa kijivu, mkia mwekundu, miaka 11 katika nyumba ile. Alikuwa anaiga sirene ya kampuni vizuri sana, hata wazee walioachishwa kazi zamani walikuwa wanaamka na kutafuta viatu. Watoto aliwaita kwa majina yao. Yule wa mwisho alijifunza kusema "karibu" kwa kumsikia yeye.

Usiku ule ndege alianguka kutoka juu ya fimbo yake, akatetemeka, mabawa wazi, macho yamegeuka. Kisha akaamka, akapanda tena sawa vile hakuna kitu. Baada ya saa moja akaanguka tena. Nyanya akasema ni bulozi, kuna mutu amemtuma. Mama akaanza kuomba. Baba alipofika akasema: twende kwa docta wa banyama.

Nilimsindikiza. Muganga yule ana chumba kimoja karibu na soko. Anachanja imbwa juu ya kichaa, anauza dawa za kuku, na wakulima wa pembeni ya mji wanamwita ngombe anaposhindwa kuzaa. Ni mutu wa heshima, wote wanamusifu.

"Docta, hii ndege tuko naye myaka kumi na moya," jirani akasema. "Batoto banakomea naye pamoya. Utusaidie."

Muganga akatazama ndani ya kartoni muda mrefu. Kisha akajibu maneno ambayo sijayasahau:

"Papa, sitakudanganya. Miye balinifundisha ngombe, mbuzi, nguluwe, kuku na imbwa. Kasuku, hapana. Lakini siwezi kukurudisha vile."

Akajaribu. Alimshika ndege kwa nguvu kuzunguka kifua ili asimume, akavuta dawa ya imbwa ndani ya sindano, akakadiria kwa macho, akachoma. Kasuku alikufa mikononi mwake kabla hajamaliza kufuta sindano. Watoto wawili walikuwa wametufuata mpaka mlangoni, na sisi hatukuwaona. Muganga alikataa feza. Jirani alifunga kartoni, tukarudi bila kusema neno.

Mimi simsemi vibaya muganga yule. Alifanya kile mutu mwema anafanya akiwa hana elimu ya kitu kilichowekwa mbele yake. Lakini tangu siku ile nimeuliza wenye kujua, nimesoma, na kila nilichokuta kimenitia uchungu, kwa sababu vitu vile havikuwa siri kubwa. Ni vitu vya kufundishwa katika siku chache.

Tuanze na mkono. Ndege hana ule ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo, ambao sisi watu na imbwa tunautumia kuvuta pumzi. Anapumua kwa kupanua na kurudisha kifua chake chote. Ukimkamata kwa nguvu kuzunguka kifua, unamziba, hata kama pua na mdomo viko wazi. Mwenye kujua anamfunika kwa kitambaa cha kujipangusia, anashika kichwa kwa nyuma, chini ya mashavu, na kifua anakiacha kicheze. Ni hivyo tu. Mutoto wa miaka 15 anaweza kujifunza kwa nusu saa.

Kisha uzito. Kasuku wa kijivu ana karibu gramu 400 mpaka 500. Imbwa wa kawaida wa mitaa yetu anapita kilo 10, ni kusema mara 20 na zaidi. Dawa inayokadiriwa kwa macho kwa imbwa, ukikosea kidogo, imbwa anaamka kesho. Ukikosea kidogo kwa kasuku, hakuna kesho. Muganga wa ndege anapima kwanza, kwa gramu, juu ya mizani ndogo kama ile ya wauza dagaa. Pale kwa muganga wetu mizani ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kupimia magunia ya chakula cha kuku.

Na ugonjwa wenyewe? Kwa kasuku wa kijivu, kuanguka na kutetemeka kunajulikana sana: mara nyingi ni upungufu wa kalisiamu ndani ya damu. Aina hii ya kasuku inaupata kuliko wengine. Anayelishwa karanga, mahindi na mbegu za alizeti peke yake, tena akikaa ndani ya nyumba bila kuona jua, mwili wake unakosa kalisiamu, na vitamini ya kuishika. Siku moja anaanguka. Yule wa jirani alikula nini kwa miaka 11? Karanga, mabaki ya bukari, na mbegu. Alikaa kwenye kona ya sebule, nyuma ya pazia, ili asiibiwe. Bulozi haukuhitajika.

Sasa, neno la pembeni kidogo. Waganga wa Ulaya wanawapanga kasuku, kobe, sungura, kobayi, nyoka na tumbili katika kundi moja. Waingereza wanawaita wanyama wa kigeni. Wafaransa wanawaita wanyama wapya wa nyumbani, kwa kifupi NAC. Mimi nikisikia "wageni" na "wapya" nashangaa. Kasuku wa kijivu ni mwenyeji wa pori zetu, za Maniema, za Tshopo, za Équateur. Alikuwepo mbele ya reli na mbele ya bomba la kwanza la mugodi. Yule imbwa mkubwa wa Ujerumani anayelinda lango la mkubwa wa kampuni, yeye ndiye mgeni, na kwake yeye muganga hakosekani. Hapo unaona kwamba jina "mgeni" halisemi mnyama ametoka wapi. Linasema tu kwamba shule ilimsahau.

Na shule ilimsahau kwa sababu tunayoielewa. Nchi inataka nyama, maziwa, mayai, na imbwa wasiwe na kichaa. Lubumbashi ina bahati: Chuo Kikuu, UNILU, kina fakulte yake ya uganga wa nyama, na wengi wa wanaotibu mifugo yetu leo walipita pale. Hakuna mutu mwenye akili atakayesema ngombe aachwe, kasuku afundishwe. Ngombe akianguka, familia nzima inaanguka naye. Tunachosema ni kingine: yule yule muganga wa ngombe, yule wa chumba kimoja karibu na soko, aongezewe kidogo. Bingwa wa ndege peke yake sisi hatutampata kesho, na hata tukimpata, nani atalipa kwenda kwake? Mutu wetu ataendelea kwenda kwa muganga anayemjua. Basi ni yule anayejulikana ndiye apewe elimu.

Maana hatari kubwa si kwamba hana dawa. Hatari ni dawa alizo nazo. Hapa wasomaji wanaofuga wasome polepole.

Kuna ile dawa ivermektini, inayochomwa ngombe na mbuzi juu ya minyoo na upele. Ni dawa nzuri, imeokoa mifugo mingi. Kobe akichomwa dawa ile, viungo vyake vinalegea, pumzi inakatika, anakufa. Muganga hamuui kwa ubaya: ameona kupe kwenye shingo ya kobe, akakumbuka dawa ya kupe. Kuna peniselini na amoksisilini, dawa ambazo hata watoto wetu wanazijua kwa jina. Sungura akizimeza, na kobayi kwa njia yoyote ile, zinaua vijidudu vyema vya tumboni vinavyomsaidia kusaga majani, vile vibaya vinabaki peke yao na kuzaana, na baada ya siku chache mnyama anaharisha na kufa. Mwenyewe anasema ugonjwa ulikuwa mkali. Kumbe ugonjwa ulikuwa kidonda kidogo cha mguu. Peniselini iliyochanganywa na prokaini, ile ya sindano inayouzwa kila mahali, nayo ni hatari kwa kasuku na ndege wadogo. Na yule kobayi asiyetaka kutembea, anayelia ukimgusa magoti, mara nyingi hahitaji sindano yoyote. Yeye ni kama sisi watu, mwili wake hautengenezi vitamini C, na kama haletewi majani mabichi viungo vinamuuma. Dawa yake inaota nyuma ya nyumba.

Sungura na kobayi si mchezo wa matajiri. Mama ambaye bwana wake amefukuzwa kazi, anawafuga chini ya kitanda, anawauza, analipa minerval ya watoto. Wakifa kumi kwa wiki moja kwa ajili ya vidonge, ni mwaka wa shule umekufa.

Sasa tuje kwa mugodi, maana niliahidi.

Wachimbaji wa makaa ya mawe kule Uingereza walikuwa wanashuka na ndege. Ndege mdogo wa njano, kanari, ndani ya tundu. Mwanasayansi mmoja, Haldane, ndiye aliyeshauri jambo hilo katika miaka ya 1890, juu ya ile hewa ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu wala rangi, inayoua mutu akidhani amesikia usingizi tu. Ndege anavuta hewa mpya mapafuni anapoingiza pumzi na tena anapoitoa, mwili wake ni mdogo, damu yake inakimbia. Kwa hiyo sumu inamfikia mbele ya mutu. Kanari akianguka, wachimbaji wanatoka mbio. Desturi hiyo ilidumu mpaka 1986, ndipo mashini zikachukua kazi ya ndege. Na kuna kitu kimoja kinachonigusa zaidi: baadhi ya tundu zile zilikuwa na chupa ndogo ya oksijeni juu yake. Ndege akianguka, mchimbaji alifunga mlango wa tundu, akafungua chupa, ndege akaamka. Wanaume wale, weusi kwa vumbi la makaa, walimtibu ndege wao kule chini, gizani, kabla hawajajua kama wao wenyewe watafika juu.

Leo hewa ile ile iko ndani ya nyumba zetu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishuka juu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, watu wanaingiza mbabula ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Kila mwenye kasuku ajue hivi: ukiona usiku ndege ameanguka na mbabula inawaka ndani, usianze kumuangalia ndege. Toa watoto nje kwanza. Muganga aliyesomea ndege angekuuliza jambo hilo mbele ya kuuliza lingine lolote. Yule asiyesomea atatafuta sindano.

Na kuna kifua. Katika hospitali zetu za kambi, mfanyakazi akija anakohoa, wanamuuliza juu ya vumbi, juu ya miaka aliyofanya chini, wanatafuta kifua kikuu. Ni haki yao, vumbi la mawe limewaharibu wengi. Lakini nani anamuuliza: papa, nyumbani uko na ndege? Kasuku anaweza kubeba ugonjwa unaoitwa psitakozi, na jina lenyewe linatoka kwa neno la Kigiriki la kasuku. Mwaka 1929 na 1930 ulizuka Ulaya na Marekani pamoja na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini, watu wakafa. Hata njiwa na bata wanaweza kuubeba. Ndege anaweza kuonekana mzima kabisa, maana kasuku anaficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishe: porini, anayeonyesha udhaifu analiwa. Mavi yake yanakauka, yanakuwa vumbi, mutu anafagia tundu na kuvuta vumbi lile. Kisha homa, kichwa kinauma sana, kikohozi kikavu. Anapewa dawa ya malaria. Hapati nafuu. Kumbe doksisiklini, dawa isiyo ya bei kubwa, ingemsaidia, kama daktari angeambiwa kuna ndege nyumbani.

Na namna ya kusafisha tundu, ninyi wa mugodi mnaijua kuliko muganga: mwagilia maji kwanza. Sawa vile jiwe linavyomwagiwa maji wakati wa kutoboa, ili vumbi lisipande. Hakuna aliyewahi kumfundisha mama wa nyumba jambo hilo, ila bwana wake analifanya kila siku kazini.

Hapo ndipo muganga wa nyama na daktari wa watu wanatakiwa kujuana kwa simu. Muganga akimuona kasuku anayekohoa na kuharisha kijani, aseme: papa, wewe nawe nenda upimwe, na umwambie daktari. Lakini hawezi kusema asichokijua.

Juu ya tumbili nitasema kwa kifupi. Wanaletwa wadogo, wanachekesha watoto, wakifika miaka minne mitano wanauma. Wanaweza kuleta kichaa, na sisi tunaweza kuwapa wao kifua kikuu. Wengine wanasema mpox nayo ni ya tumbili kwa sababu ya jina lake la zamani. Tuwe waangalifu. Mutu wa kwanza kujulikana kuugua ugonjwa huo alikuwa mutoto mdogo wa nchi yetu, kule Équateur, mwaka 1970. Lakini wimbi lililoanzia Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini, mwaka 2023, lilienea kwa kugusana mutu na mutu. Kumpiga tumbili mawe hakutaponya mutu. Kumweka tumbili ndani ya nyumba ya watoto, nako si akili.

Sasa nafika mahali pagumu, na sitapakimbia. Msomaji mmoja ataniambia: bwana mwandishi, kasuku huyo hakutakiwa kuwa pale! Ana haki. Tangu Januari 2017, kasuku wa kijivu yuko katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ni kusema biashara ya kuwavusha mipaka kutoka porini imekatazwa. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda maumbile ina adhabu juu ya wanyama wanaolindwa. Sokomutu, ndio kabisa: hakuna mutu anayeruhusiwa kumfunga kamba uani. Na kwa kila kasuku anayefika mjini mzima, wengine wanakufa njiani, ndani ya vikapu, mabawa yamefungwa. Basi muganga akiwatibu, je, si kuwasaidia wauzaji? Si kusema kwa watu: nunueni, docta yupo?

Nimelifikiri swali hili zaidi ya mengine yote. Jibu langu ni hapana, na sababu si huruma peke yake. Muganga akikataa kuwatibu, au watu wakijua kwamba ukimpelekea kasuku atakuitia polisi, hakuna kasuku atakayetoka sokoni kwa ajili hiyo. Atabaki nyuma ya pazia, na ugonjwa wake utabaki naye pale, karibu na mkeka wa mutoto. Mwenye ndege si mwenye biashara. Mara nyingi alimnunua zamani, au aliachiwa na ndugu aliyehama, au mzungu aliyemaliza mkataba alimuachia kama anavyoachia friji. Kasuku anaweza kupita miaka 40. Ndege wa siku za Zaire wangali wanasema "allô" katika nyumba zetu. Hawa wote utawapeleka porini? Hawajui kutafuta chakula, watakufa kwa wiki moja.

Mahali pa kuwapokea ni pachache. Lubumbashi kuna kituo cha J.A.C.K., kinachopokea sokomutu walionyang'anywa wauzaji tangu 2006, na mnakumbuka Septemba 2022, usiku mmoja wezi waliiba watoto watatu wa sokomutu pale, wakadai feza. Watu wanaofanya hivyo hawangoji ruhusa ya muganga. Kule Kivu ya Kusini kuna Lwiro, tangu 2002, kwa sokomutu na tumbili. Ni kazi kubwa, lakini haitoshi kwa kila tundu la kila avenue.

Kwa hiyo tunasema: muganga atibu kwanza, aandike, aseme na mwenyewe. Amwambie sheria inasema nini, amwambie asinunue wa pili. Na kama ni sokomutu au mnyama mwingine anayeweza kurudi kwa wenzake, muganga awe mlango wa kufikia kituo. Watu wanamwamini yule aliyemwokolea imbwa wake. Hawamwamini mutu mwenye karatasi na muhuri. Na yule anayeuza kwa jumla, mwenye vikapu ishirini nyuma ya lori, yule si mgonjwa wa muganga, ni kazi ya serikali, na hapo hatuombi huruma yoyote.

Tunaomba nini basi? Siku tano. Fakulte ya UNILU iite waganga walio kazini, si wanafunzi peke yao, siku tano wakati wa likizo, mara moja au mbili kwa mwaka. Wasije kuandika madaftari. Washike ndege, wapime kwa gramu, wajifunze kuangalia mavi ya kasuku kama wanavyoangalia ya ngombe, wajue kumpa joto ndege mgonjwa, karibu digrii 30, kabla ya kumpa kitu kingine. Wapewe karatasi moja ya kubandika ukutani: dawa hizi zinaua nani. Wanaotunza wanyama kila siku katika vituo wawe walimu, hata kama hawana cheo cha profesa. Kisha kundi la WhatsApp, ili yule wa Kasumbalesa, saa mbili za usiku, amtumie picha mwenzake wa Lubumbashi na kuuliza. Leo shule ya Maisons-Alfort, karibu na Paris, ina mahali maalum pa kuwapokea wanyama hawa. Sisi hatuombi jengo. Lengo ni dogo: muganga asiue, amfikishe mgonjwa kesho asubuhi, na ajue wa kumuuliza.

Juu ya feza. Kodi ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inalazimisha kampuni kuweka angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Mutu asichukue neno langu kwenda kuomba feza za maji na za shule juu ya kasuku, nitakuwa wa kwanza kumpinga. Lakini kampuni zina idara za mazingira, na wafanyakazi wa idara hizo wanakuta kobe, nyoka na bundi kila wakisukuma udongo. Wakubwa wao wana ndege na sungura katika nyumba zao. Wanahitaji muganga huyo kama sisi. Chumba cha mafundisho, chakula cha mchana cha siku tano, mizani thelathini ndogo: hapo hakuna kampuni itakayofilisika.

Tukingoja hayo, aliye na kasuku leo asingoje. Apunguze karanga, na zenye ukungu azitupe, zinaharibu ini na mapafu. Ampe lengalenga, matembele, karoti, kidogo cha mawese mekundu, maana matunda ya ngazi ndiyo chakula chake porini. Ganda la yai lililopikwa na kusagwa. Jua la asubuhi, nje, saa moja, mutu akiwa karibu juu ya paka na wezi. Avoka hapana, hata kipande: kwetu ni tunda la baraka, kwake ni sumu.

Jirani yangu hajanunua mwingine. Tundu liko uani, mama anawekamo vitunguu. Muganga wa sokoni nilimpitia wiki iliyopita. Juu ya meza yake kulikuwa na mizani mpya ya jikoni, ya gramu, aliyoinunua kwa feza yake, na alikuwa amemfunika kuku kwa kitambaa, anamshika kwa nyuma ya kichwa, vidole viwili, kifua kinacheza.

"Ninajizoeza," akasema. "Kuku haumi."